Picha za Landsat kwa Mtumiaji wa Lindi: Tathmini ya Huduma ya Bure na Bajeti Zilizo Nyuma Yake

Kwa miaka sita sasa kazi yangu ya kuandaa ramani za mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji katika mkoa wa Lindi, na mara chache katika mkoa jirani wa Mtwara, imetegemea huduma moja kuliko nyingine zote. Huduma hiyo ni hazina ya picha za setilaiti za Landsat, inayotunzwa na Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, na kutolewa bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti. Nimeona inafaa kuifanyia tathmini kama watu wanavyozifanyia simu, majiko ya gesi na nyumba za wageni, yaani kueleza inavyotumika, inapofaa na inapokwama. Lakini tathmini hiyo haitakamilika nisipoeleza kwa nini ni ya bure, kwa sababu kutolewa kwake bure kulitokana na maamuzi ya bajeti ya serikali. Ilikuwapo pia miaka ambayo maamuzi hayo yalikwenda upande mwingine, na pengo la miaka hiyo linaonekana hadi leo katika pwani yetu.

Kuipata si kazi ngumu. Mtu hujisajili kwa barua pepe katika tovuti ya EarthExplorer, huweka alama juu ya eneo analolitaka, huchagua tarehe na kiwango cha mawingu anachoweza kukivumilia, kisha hupakua. Picha moja ya Landsat 8 au Landsat 9, setilaiti za karibuni za mfululizo huu, hufunika takriban kilomita 185 kwa 180, eneo linalokaribia mara mbili ya mkoa mzima wa Mtwara, na uzito wake wote huweza kufika gigabaiti moja. Kwa anayetumia bando la simu hiyo si hesabu ndogo. Mimi hupakua usiku, na huchagua bendi (yaani tabaka za picha, kila moja ya aina yake ya mwanga) tatu au nne tu ninazozihitaji badala ya kuchukua furushi zima. Programu ya kuzifungulia ninayoitumia ni QGIS, nayo pia ni ya bure. Mwanafunzi wa chuo mwenye kompyuta mpakato ya kawaida anaweza kuanza leo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Thamani yake niliiona kwa macho yangu mwaka jana, nilipoitwa na serikali ya kijiji kimoja kilicho ng'ambo ya ghuba ya Lindi. Mwenye shamba la chumvi alikuwa akiomba kuongezewa eneo, na hoja yake ilikuwa kwamba ardhi aliyoitaka imekuwa tupu tangu zamani, haina mti wala kazi nyingine. Wazee walisema palikuwa na mikoko. Kila upande ulikuwa na mashahidi wake, na vikao viwili vilikwisha kupita bila muafaka. Nilivuka kwa kivuko nikiwa na karatasi mbili nilizozichapisha mjini. Moja ilikuwa ya Landsat 7 ya mwaka 2000, na nyingine ya Landsat 9 ya mwaka huohuo tuliokutana, zote zikiwa za kipimo kimoja na rangi zilezile. Katika rangi hizo maji ni meusi, mashamba ya chumvi ni meupe yanayoelekea buluu, na mikoko ni nyekundu iliyoiva. Wekundu huo unatokana na majani mabichi, ambayo huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho yetu, na anayeichapisha picha huupa mwanga huo rangi nyekundu ili uonekane.

Mzee mmoja, baada ya salamu, alizichukua karatasi na kuzigeuza polepole hadi upande wa bahari katika karatasi ukaelekeana na bahari yenyewe tuliyokuwa tunaiona kutoka barazani. Sikumweleza lolote kuhusu rangi. Aliweka kidole juu ya mkondo mweusi, akaufuata kuelekea juu, akasema, "Hii nyekundu ndiyo mikoko, maana imeshikana na mkondo. Na hapa ndipo tulipokuwa tukifunga mitumbwi." Kisha akakipima kipande hicho kwa vidole. Katika karatasi ya mwaka 2000 ukanda ule mwekundu ulikuwa na upana wa vidole viwili vyake, na katika karatasi ya pili haukufika upana wa ukucha. Mwenye shamba, aliyekuwapo kikaoni, aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akaomba aonyeshwe tarehe ziliandikwa wapi. Tangu hapo mazungumzo hayakuwa tena juu ya kama mikoko ilikuwapo, bali juu ya kiasi gani kimepotea na nani atairudisha.

Mzee aliponirudishia karatasi aliniuliza, "Mwanangu, na ile ya miaka ya themanini huna? Ungeona mikoko yenyewe." Sikuwa nayo. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikiitafuta, na kwa ukanda wetu kati ya katikati ya miaka ya 1980 na mwaka 1998 nilikuta picha za kuhesabika kwa vidole, nyingi zikiwa zimefunikwa na mawingu. Setilaiti zilikuwapo angani muda wote huo. Kilichokosekana ni sababu ya kuziwasha kamera zilipopita juu yetu, na sababu hiyo ilikuwa ya fedha.

Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972 kwa fedha za serikali ya Marekani, na kwa zaidi ya miaka kumi iliendeshwa kama mradi wa utafiti wa umma. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuikabidhi biashara hii kwa sekta binafsi, kwa matumaini kwamba wanunuzi wangetosha kuigharamia, na mwaka uliofuata kampuni iitwayo EOSAT ikaanza kuiendesha. Bei ya picha moja ikapanda hadi kuzidi dola 4,000. Kampuni inayoishi kwa mauzo hupiga picha mahali penye mnunuzi, na mimi siwezi kuilaumu kwa hilo. Lakini mwalimu wa chuo, mtaalamu wa misitu wa wilaya au kijiji cha wavuvi hawezi kuwa mnunuzi wa bidhaa ya bei hiyo, na kwa hiyo sehemu kubwa za Afrika hazikupigwa picha mara kwa mara. Hali ikawa mbaya zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990, chombo cha Landsat 5 cha kurushia picha kupitia setilaiti za kupokezana kilipoharibika. Kwa kuwa haikuwa na kinasa cha kuhifadhi picha ndani yake, tangu hapo ilitegemea vituo vya ardhini vilivyo machoni pake wakati inapita.

Matumaini ya mauzo hayakutimia. Mwaka 1989 fedha za uendeshaji zilikwisha, na amri ilitolewa ya kuzima Landsat 4 na Landsat 5, ambazo zote zilikuwa zikifanya kazi. Fedha za dharura zilipatikana kabla amri haijatekelezwa. Mwaka 1992 sheria nyingine ilirudisha mpango huu mikononi mwa serikali, na mwaka 1993 Landsat 6, iliyotokana na kipindi cha biashara, ilishindwa kufika kwenye njia yake. Kama Landsat 5, iliyoundwa kwa kukadiriwa kudumu miaka mitatu, isingedumu hadi 2013, mfululizo wa kumbukumbu za uso wa dunia ungekatika kabisa. Nikiifikiria setilaiti hiyo moja iliyozeeka, ikiendelea kuzunguka huku watu wakibishana chini juu ya nani atailipia, huona jinsi elimu ya dunia nzima inavyoweza kuning'inia kwenye uzi mwembamba.

Landsat 7 ilirushwa Aprili 1999 ikiwa na kinasa chake na mpango wa kupiga picha nchi kavu za dunia nzima kwa ratiba, bila kujali kama kuna mnunuzi. Ndiyo maana mwaka 2000 upo katika karatasi yangu na mwaka 1990 haupo. Bei nayo ilishuka hadi dola 600 kwa picha, kisha mwaka 2008 ikafutwa, na kumbukumbu zote za tangu 1972 zikafunguliwa. Mwaka 2001, uliokuwa mwaka wa mauzo makubwa kuliko yote, zilitoka picha kama 25,000. Mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya kufutwa kwa bei, zilipakuliwa zaidi ya milioni moja.

Matokeo ya uamuzi huo yanapimika. Mwaka 2013 ilichapishwa ramani ya kwanza ya dunia nzima iliyoonyesha upotevu wa misitu kwa kipimo cha mita 30, kazi iliyotumia picha 654,178 za Landsat 7. Kwa bei ya dola 4,000 kila moja, picha hizo peke yake zingegharimu zaidi ya dola bilioni 2.6, na hakuna chuo duniani ambacho kingethubutu hata kuandika ombi la fedha hizo. Ramani ya mikoko ya dunia iliyotolewa mwaka 2011, iliyokadiria mikoko yote ya mwaka 2000 kuwa kilomita za mraba 137,760, nayo ilitokana na picha hizihizi. USGS yenyewe ilikadiria kwamba kwa mwaka 2017 pekee watumiaji walipata faida ya dola bilioni 3.45 kutokana na Landsat. Kikao cha barazani ng'ambo ya ghuba hakimo katika hesabu ya namna hiyo, wala sioni kingewezaje kuingizwa, lakini kwangu mimi ni sehemu ya matokeo yaleyale.

Huduma hii ina upungufu wake, na anayeanza auelewe mapema. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ni mraba wa mita 30 kwa 30. Ekari moja ni pikseli nne na nusu tu, na ndani ya pikseli moja hukaa kama mikorosho sita iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12. Mkulima wa korosho anayetaka kujua mti gani umeshikwa na ugonjwa hatasaidiwa na Landsat, na mwenye mgogoro wa mpaka wa hatua kumi na jirani yake amtafute mpima ardhi. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita juu yetu kila baada ya siku nane, mnamo saa nne asubuhi, na wakati wa masika zinaweza kupita mara nyingi mfululizo pasipo kuona chochote ila mawingu. Kwa pwani ya Lindi mimi hutegemea zaidi miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Tena picha za Landsat 7 za baada ya Mei 2003 zina mistari mitupu, kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika na karibu asilimia 22 ya kila picha ikapotea. Nina picha ya mwaka 2006 ambayo mstari mmoja umepita juu ya kijiji kilekile nilichokihitaji. Maelezo yote ya huduma yako kwa Kiingereza, na sijapata mwongozo wowote wa Kiswahili ninaoweza kumpa mtendaji wa kijiji.

Anayetaka kuona vitu vidogo zaidi atumie Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya, ambayo nayo ni ya bure, ina pikseli za mita 10 na hurudi kila siku tano. Kwa mambo ya mwaka huu mimi hutumia hiyo. Lakini Sentinel-2 imeanza mwaka 2015, na mzee wa kijijini haulizi habari za 2015.

Nitoe tahadhari moja inayotokana na kosa langu mwenyewe. Kabla sijaijua hazina hii, kampuni moja ilinitoza shilingi laki tatu na nusu kwa "picha maalumu ya setilaiti" ya eneo la mradi. Miaka miwili baadaye niligundua kwamba ilikuwa Landsat 8, ikiwa na jina lake la asili kwenye faili, bila kuongezwa kitu. Kuuza kazi ya uchambuzi ni halali na mimi mwenyewe naiishi, lakini kuuza picha tupu iliyokwisha kulipiwa na walipakodi wa nchi nyingine kwa mtu asiyejua kwamba ni ya bure ni dhuluma. Kila anayepewa ankara ya namna hiyo aulize jina la setilaiti kwanza.

Kuna jambo ambalo Landsat haiwezi kulifanya hata pikseli zake zikipunguzwa kiasi gani, nalo ni kuona chini ya ardhi. Vijiji vinavyoniita kwa habari ya mikoko huishia kuniuliza kuhusu visima vya maji na madini, na hapo picha ya angani hunyamaza. Jibu liko katika kazi ya ardhini, ambayo hakuna serikali ya nje itakayotufanyia kwa miaka mingi mfululizo bila sababu zake. Tunayo taasisi ya jiolojia yenye mizizi ya tangu 1925, makao yake yakiwa Dodoma, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilipimwa kwa ndege kwa vipimo vya jiofizikia. Vipimo vile vilikuwa vya mistari iliyoachana sana, na ilipozinduliwa dira ya Madini ni Maisha na Utajiri, Wizara ya Madini ilieleza kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokwisha kupimwa kwa kina, na lengo ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Nalipongeza lengo hilo kwa dhati. Ninachokitamani ni kwamba matokeo yake yatolewe kwa namna ambayo mtu wa Ruangwa au Nachingwea ataweza kuyapata bila safari, kwa sababu niliwahi kufuata karatasi moja ya ramani ya kijiolojia katika ofisi ya umma, nikapewa kivuli cha kivuli, mipaka ya miamba ikiwa imefifia hadi isisomeke.

Kwamba utafiti wa namna hii hulipa, Lindi hatuhitaji kuambiwa na wageni. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Agip, ambayo iliona haina faida kibiashara ikaiacha. Shirika la umma la TPDC ndilo lililoendelea kuchimba visima vya tathmini, na mwaka 2004 gesi hiyo ikaanza kufika Dar es Salaam na kuzalisha umeme. Ni miaka 30 kati ya kisima cha kwanza na taa kuwaka. Bajeti inayotaka kuona matunda kila Juni isingeweza kuivumilia kazi hiyo. Tunayo pia Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mabaki ya dinosaria hadi bandari ya Lindi kwa msafara uliogharamiwa kutoka Ujerumani, na mifupa hiyo iko Berlin hadi leo. Aliyelipa ndiye aliyechukua. Landsat ni mfano wa aliyelipa akaamua kuweka mezani, na tofauti hiyo haipaswi kuchukuliwa kama jambo la kawaida.

Wala si uhakika kwamba itadumu. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilitafakari kurudisha malipo kwa picha hizi. Mwaka 2025 pendekezo la bajeti ya mwaka wa fedha 2026 kutoka Ikulu ya nchi hiyo lilitaka fungu la sayansi ya dunia la NASA, shirika linalounda na kurusha setilaiti hizi, likatwe kwa takriban nusu. Pendekezo si sheria, na Bunge lao ndilo lenye mamlaka ya mwisho juu ya fedha. Kwa upande wetu, nchi za Umoja wa Afrika zimekubaliana kulenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti wote, na takwimu za UNESCO za mwaka 2013 ziliiweka Tanzania kwenye takriban nusu ya kiwango hicho. Kwa hiyo mtumiaji wa Lindi anaegemea nguzo isiyo yake. Mimi nimeamua kupakua picha zote safi za ukanda wetu kuanzia 1999 na kuziweka katika diski mbili, moja ofisini na nyingine nyumbani, nami nawashauri wenzangu wa Mtwara wafanye hivyo kwa upande wa Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma.

Kwa mtu anayeshughulika na misitu, mikoko, mito inayohama au mashamba makubwa, naipa Landsat alama za juu kabisa, na sijui kifaa kingine kinachompa mtu wa wilayani uwezo wa kutazama nyuma miaka 25 kwa gharama ya bando. Zile karatasi mbili zimebaki katika ofisi ya kijiji, zimebandikwa ukutani karibu na mbao za matangazo. Mtendaji amenipigia simu wiki iliyopita kuomba ya mwaka huu, kwa sababu wamekwisha kupanda miche ya mikoko kando ya mkondo. Nimemwambia miche ya mwaka mmoja haitaonekana katika pikseli ya mita 30, na kwamba nitampigia mwezi wa saba, kusi ikishatulia, mbingu zikiwa safi.